Mpaka wa Shingoni

Siku hizi mwili wangu unajiwasha moto wenyewe. Naweza kuwa nimeketi ofisini nasaini fomu za uhamisho wa wanafunzi, mara joto linaanzia kifuani, linapanda shingoni, linafika usoni, na jasho linatiririka kama nimetoka kulima Kinole saa sita mchana. Nilipokwenda kumwona daktari, kijana mdogo aliyeniamkia shikamoo kabla sijakaa, alianza kunieleza kwa upole: mama, umri huu homoni zinapungua, na zikipungua, ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inachanganyikiwa. Nikamkatisha. Nikamwambia, mwanangu, mimi somo la homoni, joto na ubongo nililisoma nyumbani, enzi za ruksa, biashara huria ilipoanza, na ubao wa kuandikia alikuwa mama yangu mzazi.

Kijana akacheka, akadhani ni utani wa kizee. Haukuwa utani. Ingawa watani walikuwepo, na nitawafikia.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, na mimi na mama tulikuwa tunakaa Bigwa, mjini Morogoro, kwa mjomba wangu. Baba alishafariki. Kwetu Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama, lukolo lake ni la mama, na mwenye neno la mwisho juu ya mama na mtoto wote wawili ni mjomba. Kwa hiyo hatukuwa wageni pale. Tulikuwa mali halali ya nyumba.

Mjomba alikuwa amefanya kazi miaka mingi chuo kikuu, kwenye maabara ya mifugo. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya vioo na kupima joto la mbuzi asubuhi na jioni. Wahadhiri walikuwa wanazungumza mbele yake wakati wa chai bila kujali kama anasikia, na yeye alikuwa anasikia kila kitu. Kisha wakaja wale wa kupunguza wafanyakazi wa serikali, wakampunguza. Alirudi nyumbani na kiinua mgongo, koti jeupe la maabara ambalo hakuna aliyemwambia alirudishe, na kipimajoto cha mbuzi. Kiinua mgongo alinunulia friza. Miaka michache nyuma mtu alikuwa anapanga foleni kwa kipande cha sabuni, sasa friza jeupe refu kama sanduku la bwana harusi lilikuwa limeshuka kutoka Dubai na kusimama sebuleni kwetu. Mke wa mjomba akaanza kuuza barafu za ubuyu, zile za kwenye vifuko vya nailoni, nyekundu kama damu. Mtaa mzima ulikuwa na midomo myekundu.

Mama alikuwa anauza viungo sokoni: mdalasini, karafuu, pilipili manga, vyote vya kutoka mlimani kwao Kinole. Alikuwa amekaribia hamsini, na joto lilikuwa limemwanza. Akirudi sokoni alikuwa anafungua mfuniko wa friza, analegeza kanga, anainamia humo ndani na kuhema. Siku moja nilimkuta hivyo nikamfokea. Nilisema, "Mama, funga bwana! Barafu zinayeyuka, unatuharibia biashara!" Alifunga mfuniko polepole, akanitazama, akaenda kukaa nje kwenye ngazi. Asubuhi yake, akiwa anafunga mzigo wa mdalasini, alianguka. Mdomo ulikwenda upande, mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi, na sauti ikakatika. Maneno yangu ya mwisho kwake, basi, yalikuwa ya kutetea barafu.

Hospitali walimlaza siku tano. Daktari akatueleza vizuri kabisa, kwa Kiswahili cha kueleweka: mshipa wa kichwani umeziba, sehemu ya ubongo imekosa damu. Alisema presha imeshuka, dawa ni hizi, mrudisheni nyumbani, mnyoosheni viungo, mzungumzisheni. Sauti inaweza kurudi, au isirudi. Akili vilevile. Akamalizia kwa kusema tuangalie sana asipate homa, kwa sababu ubongo uliojeruhiwa haupendi joto. Tukiona homa tumrudishe mara moja.

Daktari alisema mambo kama saba hivi. Mjomba aliondoka na moja.

Tulipofika nyumbani alivaa lile koti jeupe, akasimama kwenye mlango wa chumba, akatoa mhadhara. Mwanamke, alisema, ana walinzi wawili wa ubongo damu inapopungua. Wa kwanza ni homoni za kike. Wa pili ni ubaridi. Alikuwa amewasikia wahadhiri wakibishana juu ya jambo hilo kwenye chai, zaidi ya mara moja.

"Sasa dada yangu," alisema, "umri wake homoni zimeshapunguzwa kazini. Kama mimi. Amebaki na mlinzi mmoja tu. Na huyo mlinzi tunaye sebuleni."

Nikamuuliza, "Mjomba, daktari si amesema asipate homa tu? Kwani ana homa?"

"Mwalimu," akaniambia, na akitaka kunidharau alikuwa ananiita cheo changu, "fimbo ya mbali haiui nyoka." Akafungua friza.

Basi mama akalazwa kichwa chake kikiwa kimezungukwa na barafu za ubuyu. Kumi na mbili. Mjomba alizipanga mwenyewe: paji la uso, kisogoni, pembeni mwa masikio, akazifunga na taulo. Baada ya nusu saa zilianza kulegea, nyingine zikavuja, na michirizi myekundu ikamtambaa mama usoni hadi kwenye mto. Nilikuwa nafuta, inavuja, nafuta. Mama macho yalikuwa wazi. Alikuwa ananitazama bila kunionyesha kama ananiona. Nilimshika mkono ule mzima nikawa nasema chochote kilichonijia, habari za darasani, bei ya nyanya, kisha naishiwa, naanza upya. Sikuwa naomba atembee. Nilikuwa nataka neno moja tu kutoka kwake, lolote, hata tusi, ili lile la friza lisiwe la mwisho kati yetu.

Siku ya pili yake akaja mama mkubwa kutoka Mkuyuni.

Mama mkubwa ni dada wa tumbo moja wa mama na mjomba, mkubwa wao wote. Alikuwa anauza mitumba gulioni Mkuyuni, na biashara ilikuwa imemnyookea kwa sababu watu walikuwa wamechoka kuvaa viraka. Alipoingia na kumwona mdogo wake na ile michirizi myekundu, alipiga ukelele mmoja ambao majirani wa nyumba ya tatu waliuitikia. Alipoambiwa ni ubuyu, alipiga wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza.

Kwa mama mkubwa, kiharusi ni ubaridi ulioingia mwilini. Hilo halikuwa na mjadala. Mtu aliyeganda mkono na mguu anahitaji kuyeyushwa, mtoto mdogo analijua hilo. Akatoa kwenye mzigo wake jaketi moja la mtumba ambalo sijaliona tena mfano wake: limejaa manyoya ndani, limevimba kama godoro, limeshonwa kwa ajili ya nchi ambayo Mungu aliisahau kwenye barafu. Akamvika mama. Akamkanda miguu kwa mafuta ya karafuu. Kisha akawasha jiko la mkaa na kulisukuma chini ya kitanda cha kamba, kama anavyofanyiwa mwanamke aliyetoka kujifungua.

Walibishana siku mbili. Mjomba akiingia anaondoa jiko, mama mkubwa akiingia anaondoa barafu. Mimi nilikuwa katikati na kitambaa changu. Siku ya tatu wakaitisha kikao, wakanipa kazi ya katibu kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Niliandika muhtasari nyuma ya daftari langu la maandalio ya somo. Azimio lilikuwa moja: kuanzia shingo kwenda juu, mgonjwa ni wa mjomba, kuanzia shingo kwenda chini, mgonjwa ni wa mama mkubwa. Mpaka ni ukosi wa jaketi. Nikateuliwa mlinzi wa mpaka, na nikakabidhiwa kipimajoto cha mbuzi.

Unacheka. Hata mimi nacheka sasa. Wakati ule niliona ni amani.

Nilikuwa nampima kwapani asubuhi na alasiri, baada ya kukiosha kile kipimajoto kwa maji ya moto na sabuni mara tatu. Kipimo kilikuwa sawa na cha mtu yeyote mzima, yaani chini ya cha mbuzi. Nikimpa mjomba namba, alikuwa anakunja uso, anatikisa kichwa kwa matumaini na kusema, "Kwa mbuzi, huyu amepoa vizuri sana." Nikimpa mama mkubwa namba ileile, alikuwa anasema, "Si unaona? Joto linamwingia." Kila mmoja alikuwa anashinda kila siku.

Mke wa mjomba peke yake ndiye aliyekuwa anashindwa. Barafu zake zilikuwa zinaondoka kwa dazeni. Alikuwa mwanamke mwenye heshima, hakuweza kugombea barafu na wifi yake mgonjwa, kwa hiyo alitafuta njia ya kimya: zile ambazo hazikuvuja alikuwa anazirudisha friza, zikiganda zinauzwa. Mama mkubwa naye hakuheshimu mpaka. Mjomba akitoka tu, alikuwa anavuka ukosi na kumpaka mama mafuta ya karafuu kwenye paji la uso. Ndani ya juma wateja walianza kusimama dirishani na kusema, "Tupe zile zenye karafuu." Zile zisizo na karafuu hazikununuliwa tena. Sikusema kitu. Namwomba Mungu anisamehe, na watu wa Bigwa pia.

Mama hakusema neno. Siku ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja. Nilikuwa nakwenda shule asubuhi, nafundisha Sayansi Kimu darasa la tano nikiwa na doa la ubuyu kwenye mkono wa blauzi, narudi mbio. Nilianza kuogopa kwamba ndani ya yale macho hakuna mtu, na kwamba sote tunapigania nyumba ambayo mwenyewe alishahama. Niliogopa na nikamchukia mjomba, nikamchukia mama mkubwa, nikajichukia mimi zaidi.

Siku hizo akapita mama mmoja mfanyabiashara wa ndizi kutoka Kinole, jirani ya shamba letu, kuja kumjulia hali mgonjwa. Alikaa dakika kumi, akaangalia, akaondoka bila kumaliza chai. Kesho yake alirudi mlimani na huko wakamuuliza hali ya mgonjwa. Yeye akajibu kweli tupu. Alisema, "Wamemweka kwenye barafu."

Sasa fikiria Kinole ya miaka ile. Barafu ilikuwa inajulikana kwa kazi mbili. Ya kwanza ni samaki wa Dar es Salaam wanaoletwa soko kuu la Morogoro. Ya pili ni chumba cha maiti hospitalini, ambako wanahifadhiwa marehemu wa watumishi wa serikali wanaosubiri kusafirishwa Bukoba na Mbeya. Mwanamke wa Kinole si samaki. Hesabu ilikuwa fupi.

Na uchungu wa pili ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Mama alikuwa Mwislamu, na maiti ya Mwislamu haisubiri. Ukoo mzima ukajiuliza ni kichaa gani kimempanda yule kaka mtu, hadi anamgandisha dada yake nyumbani kama tenga la samaki badala ya kumsitiri. Kasoma mno, wakasema. Chuo kikuu kimemharibu. Wakaazimia kuja kumwokoa marehemu.

Walifika Ijumaa, saa nne asubuhi, shule ikiwa imefungwa kwa likizo fupi na mimi nikiwa kitandani kwa mama na kipimajoto mkononi. Nilisikia gari likizima nje. Ilikuwa pikapu ya kubebea ndizi, imejaa wanawake wenye kaniki, kuni, masufuria mawili ya shughuli, mikungu mitano ya ndizi, majembe na mitarimbo. Mbele aliketi mama wa makamo aliyebana furushi la sanda kwapani. Huyo ndiye muosha maiti wa kijiji. Mjomba alitoka na koti lake jeupe, na lile koti likathibitisha kila kitu. Walimlaki kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika nikiwa mwalimu mkuu.

"Yuko wapi?" wakamuuliza.

"Yuko ndani, anaendelea vizuri," akasema mjomba.

Mwanamke mmoja akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Waliingia wote pamoja. Chumba kilikuwa kidogo. Walimwona mama amelala chali ndani ya lile jaketi, mkono wake mmoja nimeushika mimi, kichwa kimefungwa taulo, wekundu unamtiririka hadi shavuni, moshi wa mkaa ukitoka chini ya kitanda. Nilisema, "Jamani, yu hai, mtazameni!" lakini vilio vilikuwa vimeshaanza, na kilio cha Waluguru kikishaanza hakikatizwi na sauti ya mtu mmoja. Mke wa mjomba aliyekuwa anaingia na barafu mpya aliziangusha sakafuni. Mmoja wa waombolezaji akaikanyaga moja, akaanguka.

Ndipo akaingia mtani.

Kila ukoo kwetu una ukoo mwingine wa watani. Msibani mtani hana adabu na hatakiwi kuwa nayo. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anasema aibu zake zote, hadi wafiwa wacheke, kwa kuwa asipofanya hivyo huzuni inaweza kuua mtu wa pili. Mtani wa mama alikuwa mwanamke mnene wa rika lake, ambaye walitukanana tangu wakiwa wasichana. Alikuwa amelia njia nzima, macho yamevimba. Lakini kazi ni kazi. Alisogea, akamvua mama lile jaketi kabla mama mkubwa hajamzuia, akalivaa yeye, akavuta kofia ya manyoya kichwani, akaanza kutembea chumbani kwa mwendo wa mama: makalio nyuma, kidevu mbele. Ilikuwa sawasawa kabisa. Nililia kwa jinsi ilivyokuwa sawasawa.

"Pilipili manga! Mdalasini!" akaimba kwa sauti ya mama ya sokoni. "Njooni wajinga wa mjini niwapimie! Kopo langu mnaliona? Nimelibonyeza chini kwa nyundo, linajaa kabla halijajaa! Miaka ishirini nawaibia na mnanishukuru!"

Watu wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mtani akainama, akajifanya anapima karafuu kwa kidole gumba kikiwa ndani ya kopo.

"Kopo..."

Sauti ilitoka kitandani, nzito, imelegea upande mmoja.

"Kopo langu... halijabonyea. Mwongo wewe. Mwizi ni mama yako."

Chumba kilibaki na watu wanne na mgonjwa. Wengine walikimbia kwa mlango na wawili kwa dirisha, na yule muosha maiti alikuwa wa kwanza, sanda aliiacha. Mtani alibaki. Alipiga magoti ndani ya jaketi lake, akaanza kulia kweli, kilio kisicho na kazi ndani yake, na mama akamwambia asimlilie kwenye shuka. Mjomba alikuwa anapiga kelele, "Ubaridi! Si niliwaambia?" Mama mkubwa alikuwa anapiga kelele vilevile, "Joto! Joto limemfungua!" Mpaka leo, wote wawili wakiwa makaburini, sidhani kama wamelimaliza.

Mama aliwatambua mmoja mmoja. Alimwambia mjomba avue hilo koti, hana ajira tena. Alimuuliza mama mkubwa nani anaangalia mzigo Mkuyuni. Alimtaja mtani kwa jina lao la utotoni, ambalo sikuwahi kulijua. Waliorejea kuchungulia mlangoni aliwauliza ndizi zile ni za shamba la nani. Akili yote ilikuwepo, ukali wote, kila kitu kiko mahali pake. Nilikuwa nimeukumbatia mkono wake na kuubana kifuani, nikisubiri zamu yangu, nacheka na machozi.

Akageuka, akanitazama.

"Na huyu nesi," akasema, "mmempa chakula? Siku zote hizi yupo hapa ananishika mkono. Watu gani nyinyi msiojali mtoto wa watu?"

Hakuna aliyecheka. Mjomba alifungua mdomo amsahihishe, nikamtikisia kichwa. Sijui kwa nini. Niliona kama nikimwacha amwambie ukweli mbele yangu, nitaanguka, na mle ndani hapakuwa na pa kuangukia.

Walipika zile ndizi za msiba. Wakaniletea sahani iliyojaa, na mama akawaamuru wanisogezee kigoda karibu ili anione. Nilikula. Tonge kwa tonge, kwa sababu alikuwa ananihesabia kwa macho. Sahani ilipokuwa tupu aliridhika.

"Mama yako kakulea vizuri," akaniambia. "Hubakizi."

Nikamwambia ndiyo, kanilea vizuri.